Nyumba ya Nailoni

Katika nyumba ile hakuna kitu kilichowahi kuvuliwa nguo zake za dukani. Makochi yalivaa nailoni, ukiketi yanalia kama bata. Godoro nalo lilikuwa ndani ya nailoni, mtu akigeuka usingizini jirani anakimbia kuanua nguo akidhani mvua imeanza. Wapo wanaoapa kwamba hata saa ya ukutani ilichelewa kwa sababu mishale yake ilikuwa inapigana mieleka na nailoni.

Mwenye sheria hiyo alikuwa baba wa nyumba, mtunza stoo mstaafu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Nailoni. Kazini aliishi kwa neno moja: kitu kikishafunguliwa, thamani imeruka, na hairudi hata ukiiita kwa filimbi.

Mkewe, fundi cherehani, aliizoea sheria hiyo kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Lakini asubuhi ile kiatu kilifika kwenye mfupa.

Gauni la harusi la binti yao lilikuwa dirishani, limevikwa sanamu ya kushonea. Mama alilitia maua ya shanga mabegani na kiunoni, yote kwa mkono. Binti mwenyewe alikuwa mji wa mbali, na huko mama mkwe wake mtarajiwa alishamtafutia gauni la kukodi.

"Nitumie picha, mama," binti alisema kwenye simu. "Anataka jibu kabla ya mchana. Nikimwonyesha kazi yako, la kwake atalirudisha. Nisipomwonyesha, sina la kumwambia."

Dereva wa vifurushi naye angepita mchana huohuo, na hakuna mwingine kabla ya harusi.

Mama akapiga picha. Ukungu. Akasogea, akapiga tena. Ukungu mzito zaidi. Akaituma hivyohivyo.

"Mama, hili gauni au wingu?" binti akauliza.

"Gauni, mwanangu! Simu ndiyo imelewa."

"Gusa kioo cha simu pale penye gauni, kamera ilenge."

Mama akagusa mpaka kidole kikapata joto. Akaizima simu, akaiwasha. Akafungua pazia. Akaifuta kamera kwa kipande cha pamba, akaifuta tena kwa nguvu, kama anayetoa doa la mafuta. Gauni likabaki lilelile, kama mzimu unaooga.

"Mkono wako unatetemeka, mama watoto," Mzee Nailoni alisema kutoka kwenye kochi, akisukuma juu miwani yake ya kusomea. "Zuia pumzi."

"Nikizuia pumzi, utanizika na gauni hili hili."

"Basi nipe mimi. Mimi nimeshika vitu vya watu maisha yangu yote."

Akapiga yeye. Ikatoka picha ya kidole gumba, nacho kina ukungu.

Mama alitaka kulia. Mara ngapi usiku amejichoma sindano, kumbe mwanawe atavaa gauni lililokwishavaliwa na nusu ya mji! Simu ikalia. Ujumbe: "Mama, mama mkwe amekaa hapa mbele yangu. Nimjibu nini?"

Akaigeuza simu mgongo, tayari kuitupa. Hapo ukucha wake, ukucha uliozoea kusaka pindo, ukanasa kwenye ukingo mwembamba kama utando wa kitunguu. Utando huo ulifunika mgongo mzima wa simu, kamera na yote, umekwaruzika kwa funguo za mfukoni.

"Baba watoto. Hiki nini?"

Mzee akakohoa. "Hiyo? Hiyo ni ngozi yake."

"Ngozi gani ina gundi ya viatu pembeni?"

"Ilitaka kutoka, nikairudishia. Usiibandue! Siku tukiiuza je?"

"Tumuuzie nani? Kipofu?"

"Mke wangu, nakusihi. Ng'ombe hachunwi akiwa hai."

Akaivuta. Ililia mlio mrefu, na mzee akashika kifua kana kwamba amebanduliwa yeye.

Mama akapiga picha. Kila shanga ilikaa mahali pake, hata uzi ulionekana. Akaituma, akasimama katikati ya chumba bila kupumua, ushauri wa mumewe ukifuatwa hatimaye.

Simu ikalia. "Mama! Maua haya umeyatia kwa mkono? Mama mkwe ameinyakua simu, harudishi! Anasema la kukodi anakwenda kulirudisha mwenyewe. Mpe dereva. Navaa lako."

Mama akaketi, kochi likalia kama bata, na leo hakujali. Akampa mumewe simu. "Tazama."

Mzee akaisogeza, akaivuta mbali. "Bado ukungu."

"Nini?"

"Ukungu mtupu. Nilikwambia usiibandue."

Mama akamtazama usoni, akamsogelea, akapitisha ukucha juu ya miwani. Kioo cha kulia, paa, nailoni ikadondoka sakafuni. Cha kushoto, paa.

Mzee akapepesa macho. Akaligeukia gauni dirishani.

"Kumbe lina maua," alisema taratibu.

"Wiki nzima ulikuwa unasifu nini?"

"Weupe."

Akainuka, akalizunguka gauni, pua karibu iguse shanga. Nje dereva alipiga honi.

"Mama watoto," akaita, "hili ua la begani, mbona shanga moja imekaa upande?"

Mama akapiga magoti sakafuni, akaanza kuzitafuta zile nailoni za miwani.