Maji ya Bumula Ndani ya Kioo

Cherop aliweka rejeta mbili za kupoza kompyuta kwa maji juu ya kaunta ya duka lake mjini Kitale, akazipangusa vumbi, akamwacha Mukhisa, mtengenezaji wa video, azitazame. Moja ilikuwa nene, ya feni tatu. Ya pili ilikuwa nyembamba, ya feni moja, na ingekaa ndani ya kasha la kioo la kompyuta yake bila kuziba taa za mapambo.

"Kwa kazi yako chukua hii nene," Cherop alisema. "Hiyo ingine itakusumbua."

Mukhisa alisema atachukua nyembamba pamoja na pampu yenye nguvu, ili maji yapite mbio. Cherop alimweleza kwamba maji yakishatembea vya kutosha, kuyakimbiza zaidi hakusaidii sana. Joto hutolewa nje na mapezi ya rejeta, yale mabati yake membamba, na rejeta ndogo ina mapezi machache. Mukhisa alielewa vizuri. Lakini wateja wake wa video za harusi hukaa kwenye kiti mbele ya kompyuta ile, na taa za bluu ndizo huwafanya wamwamini. Alinunua nyembamba.

Cherop alimkumbusha pia atie maji ya betri, yale ya kituo cha petroli. Hayo Mukhisa hakuyanunua. Mama yake, Nelima, alikuwa amempa kidumu cha maji ya chemchemi ya kwao Bumula, akiwa ameyaombea kwa magoti, kama alivyomfanyia kila mtoto wake aliyeanza kazi. Maji hayo hunyunyizwa mlangoni. Mukhisa alinyunyiza kidogo kwenye mlango wa studio, kisha akaona si vyema kumwaga baraka iliyobaki. Akasali, akaimimina ndani ya kompyuta.

Kompyuta haikupata joto. Video ya harusi ya siku nzima ilikuwa tayari kabla ya chakula cha mchana, na upepo uliotoka kwenye rejeta ulikuwa baridi kama asubuhi ya Julai. Mukhisa alimshukuru Mungu, akaongeza kasi ya pampu.

Mchana huo huo nyumba ya mama yake ilipata joto. Dada yake, Nekesa, alipiga simu kueleza kwamba kuta hazishikiki, mafuta ya kupaka yameyeyuka kwenye kopo, na kuku wamehamia kwa jirani. Akauliza kama Mukhisa yuko kazini. Mukhisa akasema yuko, na kwamba maji ya mama ameyatia kwenye kompyuta.

"Basi ni hiyo," Nekesa alisema. "Hayo maji yamerudi nyumbani na mzigo wako."

Mukhisa alipunguza kasi ya pampu. Kule Bumula kuta zikapoa. Hapa Kitale kompyuta ilizimika, bibi harusi kwenye video akiwa amefungua mdomo kulishwa keki, na mteja aliyekaa kwenye kiti akakohoa. Mukhisa aliirudisha kasi.

Wiki zilipita. Majirani walileta mahindi yao kuyaanika sakafuni kwa Nelima, maana mvua ilikuwa nyingi na kwake yalikauka upesi. Kila asubuhi Mukhisa alipiga magoti akaomba aonyeshwe njia. Kila alipofumbua macho aliiona: rejeta nene, ambayo bado ilikuwa kwa Cherop, maji ya betri, na kasha la kawaida lisilo na kioo. Akafumba macho, akaomba tena kwa maneno mengine.

Jumapili moja, baada ya ibada, alienda Bumula kuungama. Kompyuta aliiacha ikifanya kazi, kwa sababu kuna mteja aliyekuwa akisubiri.

Alimkuta mama yake nje, miguu ndani ya karai la maji, leso mbichi mabegani. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Alifurahi kumwona, akamwambia aingie achukue chai. Sufuria ilikuwa kwenye dirisha la chumba cha kulala, ikichemka bila moto chini yake. Mukhisa alimimina vikombe viwili. Hakuweza kumtazama mama yake usoni.

"Mama, yale maji," alianza.

"Najua, baba. Si ni mimi niliyaombea? Niliomba yakubebee uzito wa kazi. Mungu hakuninyima." Alihamisha miguu ndani ya karai. "Wewe niambie tu siku ya kazi kubwa, nijue siku ya kufua."

Maneno aliyokuja nayo yalikuwa tayari mdomoni. Mukhisa alikunywa chai, ikamchoma ulimi.

"Alhamisi," alisema.

Alhamisi alipita mbele ya duka la Cherop bila kugeuza shingo, ingawa Cherop alimwita kutoka mlangoni kumwambia ile nene bado amemwekea. Alimkaribisha mteja kwenye kiti, akawasha taa za bluu. Kabla ya kugusa pampu alimpigia mama yake simu.

"Endelea, baba," Nelima alisema. "Nimeshaanika."