Tano Juu ya Kumi na Sita

Mwanakhamisi hakuwa na desturi ya kumung'unya maneno. Diploma yake ya kilimo ilimfundisha kupima mbegu na dawa, na nyumbani kwake Iyunga watoto nao aliwapima vivyo hivyo: umepata au umekosa.

Jumamosi moja mdogo wake Shufaa, mwalimu wa shule ya msingi Iringa, alikuja kuwatembelea kwa likizo. Wakiwa kwenye chai, Mwanakhamisi akavuta daftari la hesabu la binti yake Nusrat, wa darasa la tano.

"Tatu juu ya nane, jumlisha mbili juu ya nane, umepata tano juu ya kumi na sita. Ndiyo nini hii?"

"Nimejumlisha, mama."

"Mpaka asili, namba ya chini, umejumlisha! Hebu njoo."

Akaikata chapati vipande vinane. Akamwekea vitatu, akaongeza viwili.

"Vingapi?"

"Vitano."

"Chapati nzima ilikuwa vipande vingapi?"

"Vinane."

"Sasa hiyo kumi na sita umeiokota wapi, sokoni?"

Kaka zake Nusrat wakacheka mpaka chai ikawapalia. "Kumi na Sita!" akasema Zubery, mkubwa wao, na jina likashika. Wiki ile Mwanakhamisi naye alilitumia: "We Kumi na Sita, anua nguo, mvua hiyo!" Utani haujaua mtu, alijiambia. Tena hesabu zilizofuata siku ile mtoto alizipata zote. Hakugundua kwamba daftari lilikuwa haliletwi tena mezani.

Siku moja Shufaa alikaa uani na Nusrat, wakamenya viazi na kuzungumza. Kisha akamfuata dada yake jikoni.

"Dada, ile hesabu ya tano juu ya kumi na sita, ulimuuliza alifikirije?"

"Nimuulize nini? Kosa ni kosa."

"Mwalimu wao anawapa majaribio ya maswali manane. Wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule, Jumatatu alipata matatu, Jumatano mawili. Mwalimu akaandika jumla, tano juu ya kumi na sita. Naye Nusrat akafuata alichoona."

Mwanakhamisi akaacha kukoroga.

"Majaribio mawili, maswali kumi na sita," Shufaa akaendelea. "Chapati ni moja. Hilo tu ndilo alilohitaji kuambiwa."

"Alipata matatu kati ya manane, na mimi sijui?"

"Angekwambiaje? Ameniomba nimchukue, akasome Iringa."

Mwanakhamisi alimwita mtoto chumbani, akafunga mlango. Maneno ambayo siku zote yalimtoka bila kutafutwa, sasa aliyatafuta.

"Nusrat, nilikosea. Nilitakiwa nikuulize kwanza."

"Hamna shida, mama," Nusrat akajibu, kwa adabu ile anayowapa wageni.

Akawakataza wanawe lile jina. Wakaliacha mbele yake tu.

Angeweza kumzuia. Lakini kumzuia kungekuwa amri nyingine, na amri alikwishazitoa za kutosha. Januari Nusrat akahamia kwa mama yake mdogo.

Sasa Mwanakhamisi hupiga simu kila Jumapili. Huuliza afya, huuliza baridi ya Iringa, halafu hujikaza.

"Nisomee basi hesabu mliyofanya wiki hii. Hata kama umekosa. Nataka nisikie ulivyofikiri."

"Mama mdogo ameshaniangalizia," Nusrat hujibu. "Nikupe uongee naye?"