Hati za Makabidhiano

Kosa lilikuwa la baba mdogo, na nalisema mapema kabla halijaniangukia mimi. Nampenda sana. Tangu baba afariki, yeye ndiye msemaji wa nyumba yetu. Ugonjwa, misiba na ugomvi wa majirani, vyote hupita mikononi mwake. Lakini amefanya kazi masjala ya serikali miaka thelathini na moja, na mtu aliyekaa na mafaili muda wote huo, hata ukimwomba chumvi atataka umwandikie barua.

Mimi nasaga lenzi za miwani. Duka letu ni chumba kimoja, kabati la fremu mbele, mashine nyuma ya pazia, na mwenye duka, ambaye sote tunamwita Fundi, ndiye aliyenifundisha kazi nilipomaliza shule. Nakata lenzi, nasaga kingo zake mpaka iingie kwenye fremu bila kulazimishwa, kisha naipima tena. Miaka sita nimetengeneza miwani ya watu waliopimwa macho kwingine, na mara nyingine nilikuwa nashika karatasi ya vipimo nikijua kabisa kwamba aliyepima alikuwa na haraka zake. Nikajiuliza kwa nini nisipime mwenyewe. Nikaomba chuo nje ya nchi, masomo ya upimaji macho, miaka mitatu. Nikakubaliwa, nikapewa na ufadhili. Barua ilisema niwe nimeripoti tarehe ishirini mwezi wa tisa. Nikichelewa, nafasi anapewa mwingine na ufadhili unamfuata huyo. Kilichobaki ni viza ya mwanafunzi tu. Nasema "tu" kwa sababu ndivyo tulivyosema siku ile, tena tukicheka.

Fomu ilikuwa na kurasa kumi na nne. Ukurasa wa tisa ndio ulionikwamisha. Uliandikwa hivi: "Ambatisha uthibitisho wa hali ya mwombaji katika nchi yake: kazi, makazi na familia." Basi. Hali gani? Nzuri, mbaya, ya zamani, ya sasa? Niliusoma nikiwa nimekaa, nikausoma nimesimama, sikuona kichwa wala miguu. Nikampelekea baba mdogo.

Aliusoma mara moja, uso ukamchangamka.

"Hili mbona dogo," akasema. "Wanataka hati za makabidhiano."

"Za nini?"

"Mwanangu, mimi nimehamisha wafanyakazi wangapi? Mtu hahami kituo akiwa bado ana vitu vyake pale. Anarudisha funguo, anarudisha vifaa, anakabidhi nyumba. Kila mkubwa anasaini kwamba huyu hana kitu hapa. Ndipo anaruhusiwa kuondoka. Na hawa wanataka kujua hivyohivyo, kama kuna kinachokushika huku. Tuwaonyeshe hakuna."

Mniwie radhi, lakini mimi niliona ni sawa kabisa. Sikuwa nimewahi kuhamishwa popote, na baba mdogo akiongea mambo ya ofisi, hata redio huwa tunaizima.

Akaandaa hati tatu, kila moja na nakala. Na kwa kuwa ni mtu asiyependa karatasi ya uongo, akatuambia wazi kwamba hati ya makabidhiano si hadithi: ukiandika umekabidhi, uwe umekabidhi. Nikamrudishia Fundi koti la kazi na funguo za duka, naye akasaini kwamba sina kitu dukani. Wiki hiyohiyo akamleta msichana mwingine kwenye kiti changu. Kaka yangu, ambaye anaishi hapohapo nyumbani na mkewe, akasaini kuhusu chumba. Kitanda changu kikapelekwa kwa binamu, kikaingia kile kidogo cha mtoto wa kaka. Nguo nzito nikagawa. Nikabaki na begi moja kando ya kochi la sebuleni, nikawa mgeni kwa mama yangu mwenyewe.

Mama alisaini mwisho.

"Inasemaje?" aliuliza.

Baba mdogo akamsomea: "Mimi, mama mzazi, nathibitisha kwamba mwombaji hana kitu chochote kilichobaki nyumbani kwangu."

Mama akakaa na kalamu mkononi muda mrefu kidogo. "Na hii ndiyo itamsaidia aende, shemeji?"

"Ndiyo yenyewe."

Akasaini, taratibu, herufi moja moja.

Afisa wa dirisha la tatu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imelegea mkono wa kushoto, inamteremka kila akiinama. Mikono ikawa inaniwasha niichukue nimkazie skrubu. Akazipitia zile hati, akazirudia, akaniangalia.

"Dada, hizi ni nini?"

"Hati za makabidhiano. Ukurasa wa tisa."

"Nani kakuambia ulete hizi?"

Nikageuka kutazama mlangoni. Baba mdogo alikuwa nje kwenye benchi, amevaa koti lake la siku kubwa.

"Sikiliza," akasema, wala hakuwa mkali. "Sisi tunataka kuona kwamba ukimaliza masomo utarudi. Una kazi inayokusubiri, una pa kukaa, una watu wako. Wewe umeniletea karatasi tatu, zimesainiwa na kugongwa mihuri, kwamba huna kwenu."

Mimi nikichanganyikiwa huwa nakasirika, ndivyo nilivyoumbwa.

"Kwa hiyo ili mniruhusu kuondoka, nithibitishe kwamba siondoki?"

"Unaondoka. Halafu unarudi."

"Sasa nitathibitishaje kurudi, na hata kwenda sijaenda?"

"Hilo ndilo swali la ukurasa wa tisa," akasema, akasukuma miwani juu. "Njoo tarehe kumi na mbili, saa nne asubuhi, na vielelezo vipya. Siku hiyo tutampigia simu mzazi wako. Na hizi hurudishiwi, zinabaki kwenye faili."

Siku tisa. Nje, nilimweleza baba mdogo palepale kwenye ngazi, kwa sauti ambayo sikupaswa kumtolea. Tulitembea hadi tukafika kona ya posta ndipo akasimama.

"Mimi nilipostaafu nilisaini karatasi hiyohiyo," akasema. "Nikarudisha funguo za masjala. Hakuna aliyeniuliza kama nitarudi."

Hasira ikaniisha ghafla, nikabaki na uchungu tu, na sikujua ni wa nani, wake au wangu.

Basi nikaanza kuzunguka kudai nilivyovitoa kwa hiari yangu. Dukani nilimkuta yule msichana kwenye mashine. Akanipa shikamoo ingawa hatupishani sana miaka, akaendelea kusaga, na alikuwa anasaga vizuri, nilisikia kwa mlio. Fundi akanitoa nje.

"Kiti nimeshampa mtu," akasema. "Unataka nimfukuze?"

Nikamwambia hapana. Ukweli ni kwamba nilitamani aseme atamfukuza, na nilipogundua natamani hivyo nikajionea aibu. Fundi akaandika barua kwa mkono wake: akirudi, nitatafuta kiti cha pili. Hiyo tu. Fundi hajui kudanganya, na siku ile nilimchukia kwa ajili hiyo.

Nyumbani kaka akasema chumba ni changu, hakuna wa kunipokonya. Tukaufungua mlango pamoja kukihakikisha. Mtoto alikuwa amelala chini ya dirisha langu, mikono juu kama aliyekamatwa na polisi.

"Tumwamshe?" wifi akanong'ona, na hakuwa anatania.

Tukaufunga mlango. Kaka akaandika kwamba ninacho chumba, wifi akaongeza kwa chini kwamba kwa sasa kina mtu, maana baba mdogo alikuwa ameshatufundisha kuogopa karatasi ya uongo. Kwa hiyo faili langu la pili lilikuwa na kiti ambacho hakijanunuliwa na chumba chenye mwenyewe ndani. Zilipopita siku mbili nikajikuta sielewi hata ninachoomba. Nataka kwenda? Ndiyo. Nataka kurudi? Ndiyo. Sasa mbona nikiandika moja, la pili linaonekana uongo?

Asubuhi ya tarehe kumi na mbili baba mdogo alimkalisha mama mezani, simu katikati yao.

"Wakipiga, shemeji, useme ana kazi, ana chumba, ana kitanda."

"Kitanda tuligawa."

"Useme anacho."

"Wewe si ulinifundisha hana kitu? Nikasaini. Leo tena ana kila kitu. Amua moja, shemeji."

"Ya leo ndiyo sahihi."

"Na ile niliyosaini?"

"Ilikuwa sahihi siku ile."

Mama akanitazama mimi. Nikasema, "Mama, sema tu nina kwetu," nikatoka mbio, sikunywa hata chai.

Afisa alikuwa yuleyule, na miwani ileile. Akasoma barua ya Fundi, akasoma ya kaka, alipofika kwenye nyongeza ya wifi mdomo ukamcheza kidogo. Kisha akapiga simu, akaiweka mezani kwa sauti ya wazi, ili nami nisikie. Iliita mara moja tu.

"Haloo!" Mama akiongea na mkubwa kwenye simu hupaza sauti kama anamwita mtu ng'ambo ya mto.

"Mama, napiga kutoka ofisi ya viza. Nina swali moja. Mwanao anayeomba kwenda kusoma, huko nyumbani ana nini?"

Nilimsikia mtoto wa kaka akigonga kitu chini. Nilimsikia na baba mdogo kwa mbali, akikohoa kile kikohozi chake cha kukumbusha.

"Hana kitu," mama akasema. "Kila kitu amekabidhi."

Nikafumba macho.

"Hana kitu kabisa, mama?"

"Kabisa. Nilisaini mwenyewe. Mwacheni aende, mwanangu, hakuna kinachomshika huku."

Nilielewa alichofanya, na hicho ndicho pekee nilichokielewa mwezi mzima ule. Walimfundisha majibu mawili, akachagua lile lenye saini yake, lile aliloambiwa ndilo litakaloniondoa salama. Alikuwa ananisukuma kwa nguvu zake zote niende, na kwa kunisukuma hivyo alikuwa ananifungia mlango. Nikataka kupiga kelele kwenye ile simu. Afisa aliinua kiganja, akanizuia. Akaivuta fomu yangu karibu. Mwishoni palikuwa na visanduku viwili, na nikaona kalamu yake inaelekea kile cha "Imekataliwa".

"Asante, mama," akasema. "Nadhani tumemaliza."

"Samahani, mwanangu, usikate kwanza." Mama akashusha sauti, ikawa ile yake ya kawaida. "Huyo mtoto mtamwachia saa ngapi? Maana chakula chake nimekifunika hapa mezani, na huyu mdogo ameshaanza kukizungukia."

Kalamu ikasimama.

"Chakula cha nani, mama?"

"Cha huyo uliye naye. Katoka hapa bila kutia kitu tumboni."

Afisa akaniangalia, akaiangalia simu. "Na akienda huko miaka mitatu, mama?"

Nilisikia sahani ikisogezwa mezani. Mtoto alikuwa ameacha kugonga.

"Hata sijui," mama akasema. "Nafikiri nitafunika tu. Nimezoea." Kisha kwa haraka, kama aliyeropoka siri: "Lakini hiyo usiiandike, mwanangu. Andika hana kitu."

Afisa akamuaga kwa heshima, akakata. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, ingawa mimi ni mtu wa kazi hiyo na naweza kula kiapo kwamba haikuwa chafu. Akaivaa tena, akaandika mistari mingi kwenye ukurasa wa tisa, na mimi kwa upande niliokaa sikuweza kusoma hata neno.

"Njoo Ijumaa uchukue pasipoti."

"Nimekubaliwa au nimekataliwa?"

"Anayekataliwa hatumsumbui na Ijumaa, dada. Anapewa yake leoleo."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Sahani ilikuwa mezani, imefunikwa na nyingine juu yake. Mama akaifunua, akanisukumia, akakaa mbele yangu. Nilikula nimeinamisha kichwa. Baba mdogo alisimama mlangoni, hathubutu kuuliza.

"Wamekukubalia?" mama akauliza.

"Wamenikubalia."

"Unaona? Nilijibu vizuri?"

Baba mdogo akafungua mdomo. Nikamkata jicho, akaufunga.

"Ulijibu vizuri, mama."

"Nilijua," akasema. "Shemeji alitaka kunichanganya bure." Akaichukua sahani iliyokwisha, akaniongezea bila kuniuliza. Nilikuwa nimeshiba hadi pumzi zinanipaa, lakini nikala.