Maziwa ni ya Gambo

Ladidi alizaliwa na ugonjwa usio na dawa, ugonjwa wa kuuliza. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu, hata kaburini, Munkar na Nakir atawatangulia kwa swali. Basi Ladidi alipojifungua mapacha, kisha akajifungua mtoto mwingine juu yao, na asubuhi moja baada ya kutoka arobaini akaletewa kibuyu cha maziwa mlangoni, hakushukuru kwanza.

"Ya nini haya?"

"Ya Gambo," alijibu Buba, mchungaji wa Kifulani. "Si mwanao kafuata mapacha? Anayefuata mapacha ni Gambo, na maziwa ya ng'ombe wa wakfu ni ya Gambo. Mama anywe, mtoto anyonye, mpaka siku ya kumwachisha."

"Kwa nini Gambo tu? Watoto wengine hawana matumbo?"

"Mimi, dada, nachunga ng'ombe. Sababu sizichungi."

Ladidi alikunywa. Angefanyaje? Mapacha walikuwa wamemkamua mpaka mifupa, na Gambo akivuta ziwa alivuta upepo. Siku chache za kibuyu kile zikatosha kumjaza mtoto mashavu. Lakini swali halikushiba. Aliwauliza wanawake wote wa mtaa ule wa Katsina, na wote walimjibu jibu moja: ndivyo tulivyokuta. Jibu gani hilo? Hata mbuzi analo.

Ilipokaribia Idi ya kuchinja, akatokea Alhaji Gambo. Huyu alikuwa mjukuu wa Hajiya Mowa, marehemu aliyeweka wakfu wale ng'ombe, na maneno ya bibi yake aliyajua kwa moyo. Akasimama mbele ya imamu.

"Bibi alinipakata mimi, mchanga, mashahidi wamekaa, akasema: 'Ng'ombe hawa ni wakfu. Maziwa ni ya Gambo.' Gambo nani? Si mimi hapa? Siwauzi, wakfu hauuzwi, najua. Nawahamishia shambani kwangu Funtua, nikanywe maziwa yangu. Nimewaachia watu vya kutosha."

Imamu alikuna ndevu. Sharti la mweka wakfu halipindwi, na mwenyewe alisema Gambo, hakusema kina Gambo. Mashahidi wote walikuwa wamekwisha kufa, isipokuwa mmoja. Akaamua wakutane kesho baada ya alasiri, barazani kwake huyo, Bibi Usaina, binti wa marehemu. Pacha wake Hassana, mama mzazi wa Alhaji, alishatangulia mbele ya haki.

Mtaa ukakata tamaa. Ladidi aliogopa, tena aliogopa sana, kwa sababu yeye ndiye aliyejua mtoto wake analiaje akiwa na njaa. Asubuhi akambeba Gambo mgongoni, akaenda kupiga magoti mbele ya Bibi Usaina, aliyekuwa akitafuna kokwa ya kola.

"Umekuja na swali gani leo?" alisema bibi. "Juzi ulitaka kujua kwa nini kunguru hana aibu."

"Bibi, wewe na marehemu Hassana mlikuwa mapacha."

"Ndiyo maana nge haniumi, pacha haumwi na nge. Wewe na mdomo wako huo, atakukinga nani?"

"Aliyewafuata yuko wapi?"

Kola ikasimama shavuni.

"Kila wanapotangulia mapacha, anayefuata ni Gambo," Ladidi aliendelea, maana akishaanza hajui kuacha. "Nyinyi Gambo wenu simsikii akitajwa. Au mama yenu aliishia kwenu?"

Bibi Usaina alimtazama mtoto aliyelala mgongoni, akamtazama mama yake.

"Nimezeeka nikingoja mtu aniulize hilo," alisema polepole. "Nenda nyumbani ukanyonyeshe. Alasiri uje ukae nyuma ya pazia."

Alasiri baraza lilijaa. Alhaji Gambo alivaa joho jeupe lililopigwa pasi likasimama lenyewe. Akayasema maneno yake tena, na kweli hayakuwa na kasoro. Nyuma ya pazia Ladidi alimkumbatia mwanawe kwa nguvu mpaka akalia.

"Mamangu mdogo," alisema Alhaji, "wewe ni shahidi. Bibi alisema Gambo au hakusema?"

"Alisema."

Watu wakaguna.

"Lakini Gambo wa kwanza hukuwa wewe," alisema Bibi Usaina. "Sisi tulifuatwa na mtoto wa kiume. Mimi na mama yako tulikuwa walafi, tulilikataa jungu la uji, tukaling'ang'ania ziwa. Mtoto akakuta pakavu. Baba alikwenda kutafuta ng'ombe wa maziwa, akarudi naye siku watu walipotoka makaburini kumzika mtoto. Mama alikuwa mtu wa haya, hakumlilia mbele za watu na hakumtaja tena. Maziwa ya yule ng'ombe hakuyagusa. Alikaa kimya mpaka Hassana naye alipozaa mapacha, ukafuata wewe, na Hassana akakauka vilevile. Siku hiyo ndipo aliposema maziwa ni ya Gambo. Ukanywa wa kwanza, ukaishi."

Pasi yote ya joho la Alhaji Gambo ilikuwa imemwisha.

"Aliitwa nani?" aliuliza. "Jina lake la siku ya saba?"

"Umaru."

Umaru ndilo jina alilopewa Alhaji mwenyewe siku yake ya saba, na bibi yake ndiye aliyelichagua.

Kesho yake alfajiri Ladidi alisikia hodi, akafungua akijua ni Buba. Alikuwa Alhaji, amekishika kibuyu kwa mikono miwili, maziwa yamemwagikia kiatu. Kwa mara ya kwanza maishani Ladidi hakuwa na la kuuliza.

"Kunywa, mama," alisema Alhaji. "Somo yangu anangoja."