Baiskeli za Breki ya Pedali

Safari iliyopita mkate ulituishia siku ya pili, ikabidi tuhamishe nyumba nzima kwenda dukani. Ndiyo adha ya gari la kulala ndani. Ukitaka kitu kidogo tu, unafunga makabati, unalaza vikombe, unakunja meza, halafu unaendesha kitanda, jiko na choo kilomita mbili ukanunue mkate mmoja. Tuliporudi, nafasi yetu ya kivulini ilikuwa imeshachukuliwa. Dereva alinuna hadi jioni. Kesho yake akakata kauli kwamba safari ijayo tutabeba baiskeli mbili za kukunja, za bei ya watu wa pensheni, zikae kwenye stoo iliyo chini ya kitanda.

Dereva ni mume wangu. Jina analo, ila sijalitumia tangu tuoane, naye huniita Konda. Kwa miaka kumi na saba aliendesha basi la masafa marefu na mimi nilikuwa kondakta wake, yeye akiangalia mbele, mimi nikiangalia kila kitu kingine. Nikigonga bodi mara moja, anasimama. Nikigonga mara mbili, anaondoka. Kugonga hakukuwa na mjadala, na mpaka leo akirudi rivasi nami nipo nyuma, kiganja changu kwenye bati kinatosha.

Siku tuliyokwenda kwa fundi wa baiskeli ilikuwa Jumatano. Jumamosi tulikuwa tuwapitie wajukuu wetu wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine wa tisa, kwa safari ya wiki mbili yenye milima na kona. Wao walikuwa wameshapanga mabegi mlangoni. Mimi nilikuwa sina usingizi kwa sababu ya mkono wa Dereva.

Ni ule wa kushoto, mkono wa gia kama tulivyouita kazini. Ulianza na vifungo vya shati. Halafu mfuniko wa chupa ya mafuta, ambao alinisukumia akidai una utelezi. Halafu kikombe kikamponyoka akiwa amesimama tu, hafanyi lolote, akakitazama kule chini kama kimemtukana. Kila nikiuliza naambiwa ameulalia vibaya. Sasa mtu gani huyo analalia mkono miezi mitatu?

Jumapili binti yetu alipiga simu akauliza baba mzima? Nikamjibu mzima wa afya. Sikufikiri hata kidogo, uongo ulitoka wenyewe, maana nimeuzoea. Kazini kwetu dereva hasemi anaumwa. Akisema anapelekwa kupimwa, na akipimwa anashushwa kwenye usukani, anapewa kazi ya kuhesabu matairi gereji. Kwa hiyo dereva anaficha, na kondakta wake anamfichia. Mwaka mmoja jicho lake lilivimba likafunga kabisa, nikasimama karibu naye safari nzima nikimsomea vibao vya barabarani kwa sauti ya chini, abiria wakadhani tunagombana. Tulijisifia jambo hilo miaka mingi. Baada ya simu ya binti yangu nilikaa na aibu mpaka chai ikapoa.

Duka la fundi lilikuwa juu ya mteremko mfupi unaoshuka hadi barabarani, na chini kabisa, pembeni ya njia, palikuwa na pampu ya upepo ya wateja. Dereva aliegesha gari pua ikitazama duka. Akashuka, akachomoa kabari ya mti na kuisukuma kwa kiatu nyuma ya tairi. Hilo halikunishtua. Kampuni yetu ilikataza kuacha basi kwenye gia, kwa sababu mafundi wa gereji walikuwa wakiwasha injini wakiwa wamesimama chini. Sheria ilikuwa hendibreki, gia huru, kabari. Kuweka kabari ilikuwa kazi ya dereva, kuitoa ni kazi ya kondakta wakati wa kuondoka. Dereva alikuwa ameirudisha kabari hiyo miezi michache iliyopita, nami nikadhani ni uzee, mtu anakumbuka ya zamani.

Fundi alikuwa bwana mnene, miwani yake imeungwa kwa waya. Nilimwonyesha kamba yangu yenye mafundo matatu, yaani upana wa mlango wa stoo, urefu wake na kina chake. Akaniuliza mama, umekuja kupima baiskeli au jeneza? Nikamwambia itategemea kipi ni rahisi. Alicheka, lakini mimi nilikuwa namtazama Dereva, ambaye alikuwa ametia mkono wa gia mfukoni.

Fundi aliijua kazi yake. Alituambia tusidanganywe na rangi, baiskeli ya kukunja uhai wake uko kwenye bawaba. Akaikunjua ya kwanza, akaitikisa, akatuambia tusikilize. Ikilia, iache. Hiyo haikulia, na bei yake ilikuwa ndani ya uwezo wetu. Dereva akaisogelea, akashika mkono wa breki, akauachia upesi, akasema nyeusi inakula jua. Ya pili alisema magurudumu yake ni madogo, atafanana na dubu wa sarakasi. Ya tatu ilikuwa nzuri kuliko zote, nyepesi, komeo moja tu katikati, na fundi alishaanza kupunguza bei kabla hatujaomba. Dereva akajaribu komeo. Nilimwona akilibana, akilibana tena, mshipa wa shingo umemtoka, na komeo halikusogea hata unywele. Nililifunga mimi kwa vidole viwili.

"Kiti chake kigumu," Dereva alisema.

Niliogopa hapo kuliko nilivyoogopa nyumbani. Nyumbani palikuwa na vifungo na vikombe, vitu ambavyo mtu anaweza kuvisingizia. Hapa alikuwa anakataa baiskeli nzuri moja baada ya nyingine, na sababu anazotoa hata yeye mwenyewe haziamini. Nikataka kumwambia mbele ya fundi, nikameza. Ndimi kondakta wake, ningewezaje kumwaibisha? Nikajiambia nitasema tukiwa garini, halafu nikajiambia nitasema Ijumaa.

Ndipo yeye akauliza, kama mtu aliyekumbuka tu, kama kuna zile ambazo ukirudisha pedali nyuma zinasimama. Fundi alishangaa. Alisema zile ni za zamani, nzito, hakuna anayeziulizia, lakini anazo mbili huko nyuma. Akazitoa zikiwa na vumbi, rangi ya maziwa, kutu kidogo kwenye spoki. Komeo lake lilikuwa la kukanyaga kwa mguu. Hazikuwa na mkono wa breki hata mmoja. Dereva alipanda ya kwanza, akazunguka mbele ya duka, akarudisha pedali, ikasimama pale pale. Uso wake ulifunguka, nikamwona kama alivyokuwa siku tulizokuwa tunatoka stendi alfajiri.

"Konda, hizi," alisema. "Hizi hizi."

Nilipima kwa kamba. Ziliingia zote mbili, na upenyo ukabaki wa kuweka pampu. Bei ilikuwa nusu ya ile ya tatu. Tulikuwa tumepata tulichokifuata, na mimi sasa nilikuwa na hakika kwamba ule mkono haubani tena.

Fundi alinisaidia kuzipakia, kisha akaingia ndani na Dereva kumtafutia pampu. Nilifunga mlango wa stoo. Mawazo yangu yalikuwa kwa wajukuu, kwenye kona za milimani, kwenye ule mkono. Mikono yangu mwenyewe ikaendelea na kazi yake ya miaka yote. Mzigo umepakiwa, mlango umefungwa, tunaondoka. Nikainama, nikachomoa kabari, nikairusha ndani.

Gari likaanza kurudi nyuma.

Lilianza taratibu, nikadhani ni mimi ninayeyumba. Chini kwenye pampu palikuwa na mwanamke ameinama akijaza tairi, amenipa mgongo. Nikagonga bodi mara moja kwa nguvu zangu zote. Ndivyo nilivyofanya, nikagonga, nikasubiri dereva asimame, na ndani hapakuwa na mtu. Nikakimbia kando ya gari, nikavuta mlango, nikajitupa kwenye kiti na kukanyaga breki kwa miguu yote miwili. Vikombe vyote kabatini vililia. Kwenye kioo nilimwona yule mwanamke ameinuka, pampu mkononi, nusu ya urefu wa baiskeli kati yake na bampa.

Nikashika hendibreki. Nilijua itakuwa imekatika, maana gari lilikuwa limetembea. Nikaivuta kwa mkono mmoja. Ikapanda meno manne, ikashika. Nikatoa miguu kwenye breki na gari halikusogea.

Hendibreki ilikuwa nzima. Kwa miezi mitatu nyumba yetu yote ilikuwa imeshikiliwa na kipande cha mti.

Dereva alikuwa mlangoni mwa duka, pampu kwapani. Alishuka mteremko polepole, akamwomba radhi yule mwanamke, akaja dirishani kwangu. Hakuuliza kilichotokea. Aliitazama hendibreki iliyopanda.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Siku ile ya mkate," alisema. "Niliivuta haikuja. Nikajua kesho itakuja."

"Na ukaninyamazia."

"Nikikwambia wewe, nani atanifichia?"

Nilitaka kumfokea, na nina ulimi wa kufokea, aulizwe yeyote aliyepanda basi letu bila tiketi. Lakini nilikuwa nafikiria lile jicho lililovimba, na vibao nilivyokuwa nikivisoma, na nyuma yetu watu sitini waliolala wakituamini. Hatukuwahi kuwahesabu katika hadithi ile.

"Tulikuwa na abiria sitini na nilikufichia," nilimwambia. "Nilikosea. Jumamosi sifichi, Dereva. Kesho tunakwenda hospitali, na leo nampigia binti yako."

"Na safari?"

"Leseni yangu haijafa." Nimekuwa nikiilipia kila inapoisha, miaka yote, na kazi yake imekuwa kukaa kwenye pochi. Kuendesha nilifundishwa na yeye mwenyewe, kwenye uwanja wa gereji, nikisogeza basi tupu. "Daktari akisema tusiende, hatuendi. Akisema twende, naendesha mimi. Baiskeli utaendesha wewe. Mkate utaufuata wewe."

Aliuweka mkono wake wa gia kwenye ukingo wa dirisha, akaufungua na kuufumba, vidole viwili vikabaki nyuma. Ilikuwa mara ya kwanza kunionyesha. Nilivishika, vilikuwa baridi. Fundi alijitia kupanga baiskeli zake.

Kisha Dereva akaondoka dirishani. Nikamwona kwenye kioo akienda nyuma ya gari, akitazama barabara huku na huku, akimpisha mwendesha mkokoteni. Alikuwa amesimama pale pale ninaposimama mimi. Nikawasha injini. Nikakanyaga breki, nikatia gia ya kurudi nyuma, nikaweka mkono kwenye hendibreki na kusubiri.

Akagonga bodi mara moja.

Mguu wangu ukazama kwenye breki. Mara moja ni kusimama, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kubishana na mlio huo. Nilimtafuta kwenye kioo, nikaona bega lake tu. Injini ilikuwa inanguruma. Nilidhani amekataa.

Ndipo mlio wa pili ukaja, mdogo, wa mkono usio na nguvu. Nikashusha hendibreki.