Siku Lori la Mzee Yugu Lilipopimwa Moshi

Mwaka 1993 amri ilishuka kutoka ofisi ya serikali kilimani Arua Hill: kila mwenye gereji apeleke gari moja alilolitengeneza, likapimwe moshi. Kitambaa cheupe kitashikwa nyuma ya ekzosi. Kikitoka cheusi, gereji inafungwa mwaka mzima. Ikawa gumzo Koboko nzima, huko mpakani mwa Uganda. Mafundi waliozoea kufunga mabomba kwa waya na dua wakaanza kukosa usingizi.

Medina binti Asuman alilala vizuri tu. Gereji aliachiwa na marehemu baba yake, fundi wa magari ya jeshi, na kwa kuwa kufa kufaana, kaka zake walikuwa wanasubiri ifungwe ili wauze kiwanja. Basi akachagua gari gumu kuliko yote, lori la mihogo la Mzee Yugu wa Kuluba, akashindana nalo siku nne mpaka likapumua safi. Kila mtu aliisifu kazi ile, isipokuwa Yugu mwenyewe, aliyelizunguka lori lake kama mtu aliyefiwa.

Kwa madereva wa mpakani, moshi ulikuwa heshima. Lori lenye wingu jeusi nyuma ndilo lenye nguvu, na mzigo wa harusi haukupakiwa kwenye lori lisilofuka.

"Gari bila moshi iko mugonjwa," Yugu alinung'unika. "Sasa watu ya Arua wataona nini?"

"Hawataona kitu, Mzee," Medina akamjibu. "Hiyo ndiyo wanataka."

Alidhani wameelewana. Siku ya kupimwa, walipofika Mvara, chini ya kilima cha ofisi, Yugu akasimamisha lori atie maji kwenye rejeta. Medina akashuka kujipangusa na kujifunga kilemba upya, maana kwenda kwa serikali ukiwa umejaa vumbi si adabu. Lori lilipoanza kupanda kilima, alilisikia likivuta kwa nguvu kuliko alivyotarajia. Akajisifu kimoyomoyo, maskini.

Mkaguzi, Bwana Adriko, alikuwa ameweka meza nje ya ofisi. Vitambaa vitatu vyeusi vya gereji zilizotangulia vilikuwa vimetundikwa kwenye ua, na wenyewe wamekaa chini yake, vichwa mikononi.

"Kanyaga," akasema, kitambaa mkononi.

Yugu, kifua mbele, akakanyaga. Wingu lililotoka lilimeza kitambaa, likameza mkono, likammeza na mkaguzi hadi kofia. Yugu akachungulia dirishani, tabasamu la bwana harusi usoni.

Medina aliiona tayari gereji imefungwa, kiwanja kimeuzwa, kaka zake wanagawana. Kisha hasira ikampandisha juu ya bampa. Akafungua boneti, akainamia pampu ya dizeli, na hapo hapo akaanza kucheka.

"Bwana Adriko, kuja uone. Hii moshi si yangu."

Kila skrubu aliyoikaza, Medina huipaka tone la rangi nyekundu ya kucha, lipasuke mtu mwingine akiigusa. Mumewe humletea kichupa kila Idi, na kucha zake, nyeusi kwa grisi, hazijawahi kuonja hata kimoja. Sasa tone la skrubu ya kupunguza na kuongeza mafuta lilikuwa limepasuka, na bisibisi imeacha mkwaruzo mpya unaong'aa.

"Nani alifungua?" mkaguzi akauliza, akijifuta uso.

Madereva wote walikuwa wanatazama, na Yugu alikuwa mtu wa fahari zake. Alishuka polepole, akavua kofia.

"Iko mimi. Nilifungua pale Mvara. Nilitaka mukubwa aone kazi ya binti yangu iko na nguvu."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mkaguzi naye, meno meupe katika masizi. Medina alitaka kumkasirikia mzee, akashindwa. Utamkasirikiaje mtu aliyekuharibia kwa mapenzi? Akachukua bisibisi, akafumba macho, akairudisha skrubu kidogo kidogo kwa kuisikiliza injini. Kitambaa cha pili kikatoka cheupe.

Adriko hakuandika mara moja. Alivitazama vile vitambaa vitatu kwenye ua.

"Na hawa je? Nitajua namna gani kama moshi iko ya fundi ama ya dereva?" Akafungua daftari. "Kuanzia leo kila gereji itaweka alama kwa pampu, na rangi yake. Hawa watatu watarudi wiki ijayo. Mama, yako ni gani?"

"Nyekundu."

"Nyekundu imekwisha," akawatangazia mafundi. Wakaruka kutoka chini ya ua na kuanza kugombania bluu.

Akavuta cheti cha kwanza, akauliza kwa jina gani. Tangu baba yake afariki, watu walimwita mtoto wa fundi, hata wale aliowatengenezea magari kwa mikono yake mwenyewe.

"Medina," akasema, kisha akamzuia mkono. "Andika Fundi Medina."

Adriko akaandika. Medina akakipokea cheti kwa ncha za vidole, kisipate grisi, na machozi ya furaha yakamtoka mbele za watu bila aibu yoyote.