Mawifi Ndani ya Mtumbwi Mmoja

Mvushaji wa kivukoni aliamka na maumivu ya jino, shavu limevimba kama kaficha chungwa, siku ileile ambayo mshonaji alikuwa na furushi la sare za shule ya ng'ambo. Mwalimu mkuu alishamwambia: zisipofika kabla geti halijafungwa, kazi yote anapewa fundi wa sokoni. Mtumbwi uliobaki ulikuwa wa wifi yake, dada wa mumewe, na wawili hao hawasemeshani tangu ule ugomvi wa sufuria la mama mkwe.

Wifi alikubali kwa kutikisa kichwa. Kutikisa kichwa si kusema.

Mshonaji akakaa mbele, furushi katikati, wifi nyuma na kafi la kuongozea. Mto ule ni mpana na mkondo wake wa wastani, lakini haukosi ujeuri. Kuvuka, unapanda kwanza kandokando ya ukingo, kisha unakata maji na kuuacha mkondo ukuteremshe mpaka kwenye ngazi za gati. Ukizipita ngazi, kwaheri. Chini yake ni matete na matope matupu.

Katikati ya mto mshonaji akaona gogo linakuja.

"Mtumbwi," alisema, macho mbele, "mwambie aliye nyuma kuna gogo kushoto."

"Mtumbwi," sauti ya nyuma ikajibu, "mwambie aliye mbele mimi naitwa wifi."

"Mwambie gogo halisubiri salamu."

"Na mimi sina haraka. Sare si zangu."

Gogo likawapiga ubavuni, mtumbwi ukazunguka kama pia. Mshonaji akaziona ngazi za gati zinapita, taratibu, kwa heshima zote. Akilini akamwona na fundi wa sokoni anavyowapima viuno wanafunzi. Kiburi kikamtoka.

"Wifi! Wifi yangu, tupeleke ukingoni, popote pale."

"Abee," wifi akaitika kwa sauti ya asali, akazamisha kafi.

Wakajichomeka kwenye matope. Wifi akashuka kuushika mtumbwi, akazama hadi mapajani. Mshonaji akapitia juu ya matete, furushi kichwani, mbio mpaka shuleni. Mlinzi alikuwa ameshashika komeo; akapenya kiubavu. Mwalimu mkuu akazipapasa sare, akazikuta kavu, akasema muhula ujao alete na sweta.

Akarudi mtoni akihema. Wifi bado yumo matopeni.

"Zimepokelewa?"

"Zote."

"Basi nipe mkono."

"Nitakupa, wifi yangu. Niache kwanza nikuangalie."

Akaketi juu ya matete, akamwangalia weee, mpaka akatosheka.